Chama cha uhuru kisianzie kwenye hatimiliki

Kwa Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu anayetaka Kenya ipate chama cha kutetea uhuru wa mtu binafsi, mfano wa Libertarian Party ya Marekani: ushuru upunguzwe, serikali ikae kando, kila mtu aachiwe mali yake. Mengi nayakubali. Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi hapa Njoro, na najua uchungu wa kutozwa hiki na kile kabla gunia halijafika sokoni. Ila falsafa anayoisifu ameikata katikati.

Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard, anayetajwa sana na watu wa siasa hizo, aliandika mwaka wa 1974 kwamba mali ni ya mtu kwa haki ikiwa ilipatikana kwa haki tangu mwanzo, kisha ikahama mkono kwa hiari. Wanasiasa huishia hapo. Yeye aliongeza sharti la tatu: palipopita wizi au nguvu, dhuluma hiyo irekebishwe. Aliona ni kazi ngumu, lakini sharti hakulifuta.

Lilete sharti hilo Nakuru. Mwaka wa 1904 viongozi wa Wamaasai walikubali mkataba wa kuachia malisho ya Bonde la Ufa, wengi wao wahamie Laikipia, nao mkataba ukasema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Miaka saba tu ikapita, na mwaka wa 1911 serikali ya kikoloni ikaamua kuwaondoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, kesi ikatupwa. Mwaka wa 1915 sheria ikaruhusu walowezi wakodishiwe ardhi kwa miaka 999. Skwota naye, kwa sheria ya 1918, alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kuishi shambani na kulima. Anayeamini kwamba mkataba ni wa hiari na jasho la mtu ni lake, na aniambie hapo hiari ilikuwa wapi.

Mama yangu alichuma pareto kwenye shamba la mlowezi. Baada ya Uhuru alichanga pesa na wenzake, wakanunua hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Cheti chake ninacho: karatasi imefifia, muhuri ni wa zambarau, na jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi moja imekosewa. Hakumwibia mtu, alilipa. Lakini pesa zake zilikwenda kwa aliyeuza kitu ambacho hakukipata kwa haki, na mwenye malisho ya zamani hakuonja hata senti. Mama yangu na mwenye malisho, wote wawili wana hoja. Wachochezi wanalijua jambo hilo vizuri, ndiyo maana huku kwetu moto wao huanzia kwenye ardhi. Tuliuona kwenye ghasia za uchaguzi wa 1992, tukauona tena kwenye ule wa 2007.

Vyama vyetu vilikwisha kugombania neno hili, uhuru, zamani. KADU iliuona uhuru katika majimbo yasiyotawaliwa na Nairobi. KANU ikauona katika hatimiliki, na mashamba yanunuliwe. KPU ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyoundwa 1966, ikapinga kwamba aliyenyang'anywa ardhi ailipie. Ilipigwa marufuku 1969, na swali lake halikujibiwa.

Hata chama hicho cha Marekani, kilichoanzishwa 1971, hakijaafikiana chenyewe. Mwaka wa 2022 kundi jipya lilishika uongozi na kifungu kilichotaka serikali ijiepushe na suala la utoaji mimba kikaondolewa kwenye sera zake, kwa sababu wanachama hawakubaliani serikali ikae kando ya nani.

Katiba yetu ya 2010 imewatangulia. Kifungu cha 40 kinalinda mali, lakini ibara yake ya 6 hailindi mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Atakayekianzisha chama hicho aviandike vifungu hivyo katika manifesto, ukurasa mmoja na ahadi ya kupunguza ushuru. Kisha aje Njoro atueleze atawafanyia nini wajukuu wa waliohamishwa, bila kuwang'oa watoto wa walionunua. Akiwa na jibu, mimi nitajiandikisha.

Mkulima,
Njoro, Kaunti ya Nakuru