Risala ya Wanawake Wafugaji Kuku kwa Mgeni Rasmi, Tumbe, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Micheweni,
Sheha wetu, maafisa mifugo, wazee wetu na wanakikundi wenzetu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima tukakutana hapa. Nawe tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu na kutufungulia banda hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwetu kuku akifa, neno la kwanza ni mdondo, yaani kideri. Mdondo upo kweli, ndiyo maana tunachanja kwa tone la jicho kila miezi mitatu. Lakini kuna vifo ambavyo chanjo haivizuii, kwa sababu vinatoka kwenye chakula na maji tunayowapa wenyewe.

Hapa Tumbe dagaa hawana tabu. Huchemshwa kwa maji ya chumvi, wakaanikwa, na wale waliovunjika huuzwa rahisi kwa wafugaji. Ni chakula kizuri cha kujenga mwili, ila chumvi ile ilikusudiwa kuhifadhi dagaa. Kilo 100 za chakula cha kuku hazihitaji zaidi ya nusu kilo ya chumvi. Sasa mtu achanganye dagaa hao bila kipimo, aongeze chumvi ya jikoni, kisha anyweshe maji ya kisima cha pwani, nayo yana chumvi. Figo za kifaranga haziwezi. Utawaona wanagombania maji, kinyesi ni maji matupu, maranda yamerowa, matumbo yamejaa, kisha wanakufa. Mwenyewe hukimbilia dukani akanunua antibiotiki, akaitia kwenye maji yale yale. Dawa haitoi chumvi, na mayai yenye mabaki ya dawa wanakula watoto wetu. Hili linatuuma sana.

Kwa hiyo tumekubaliana: dagaa wa kuku ni walioanikwa bila chumvi. Wakikosekana, wale wa chumvi huroweshwa kwenye maji matamu, maji yakamwagwa, wakaanikwa upya, na chumvi nyengine haiongezwi.

Mheshimiwa, jengine ni kuvu. Chicha la nazi huliwa siku ile ile, likilala, linatupwa. Magunia ya mahindi na pumba tunayapandisha juu ya mbao, mbali na ukuta, hasa wakati wa masika. Sumukuvu haiondoki kwa kuanikwa juani wala kwa kupikwa, na huharibu ini la kuku. Chakula kilichoota kuvu tunakifukia. Hata mbuzi hapewi.

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na kunywa maji yapata mara mbili ya uzito huo. Joto la kaskazi likipanda, hunywa zaidi, na maji yakikatika mayai hupungua. Vyombo tunavisugua kila asubuhi, tunaviweka kivulini, usawa wa mgongo wa kuku, na wavu juu ili kunguru wasichafue.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka paa hili, ili vifaranga waepukane na maji ya chumvi. La pili, tupatiwe njia ya kupima chumvi ya dagaa na sumukuvu ya mahindi kabla hatujachanganya chakula, maana macho peke yake hayatoshi.

Baada ya risala hii tunakuomba uingie bandani, wanakikundi wakuoneshe namna tunavyochanganya.

Ahsante kwa kutusikiliza.
Wabillahi tawfiq.