Kwako uliyehama wodi ya wazazi

Mwanangu,

Nimesikia umefika salama huko ulikohamia, na kwamba wamekuweka leba. Nimefurahi. Wangekupeleka dirisha la dawa ningeumia, maana mikono yako ni ya kuzalisha. Nakuandikia hapa kwa sababu kila nikishika simu nakosa pa kuanzia.

Usiku ule haujanitoka. Yule binti wa mimba ya kwanza tulimpokea saa 2 usiku, njia imefunguka sentimita 4. Saa 8 ilikuwa 5 tu. Kwenye patografu niliyofundishwa mimi, ile chati ya kufuatilia uchungu, sentimita 4 uchungu umeshachanganya, na kila saa tunategemea sentimita 1. Mstari wa tahadhari ukivukwa, unaanza kuhangaika. Nikasema nakwenda kumwita daktari aandike dripu ya kuongeza uchungu. Ukanishika mkono mbele ya wanafunzi wawili na mama mwenyewe, ukasema, "Mama, hayo ya zamani." Binti akanitazama. Tangu hapo kila nilipomgusa alikuangalia wewe kwanza.

Ulikuwa sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 nimeusoma, tena si mara moja: siku hizi tunaanza kuhesabu kwenye 5, na ile sentimita 1 kwa saa si kipimo cha kumwekea kila mama. Mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri, na saa 11 alfajiri akazaliwa bila dripu, akalia. Lakini ungeniita pembeni. Hatua tatu tu, hadi kwenye sinki.

Mimi nilikuita pembeni, unakumbuka? Umeme umekatika, kimashine cha kusikilizia mapigo kimezima, ukashika fetoskopu ya mbao, kile kipembe cha kusikilizia kwa sikio, ukageuka umekauka midomo: mapigo 90, machache mno kwa mtoto. Sikupiga kelele. Nilikuinamia sikioni nikakwambia shika mkono wa mama, tafuta mshipa wake huku unasikiliza. Yakienda pamoja, unayemsikia ni mama. Ukasogeza kidogo, ukapata 140. Hadi leo tunajua mimi na wewe. Tangu 1991 niko kwenye kazi hii, na walionifundisha hawakunifichia aibu hivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye wa kuambiwa "ya zamani"? Wanasema nilikununia. Sikununa, nililinda heshima ya kazi. Ripoti ya zamu nilikuandikia yote, hakuna mama aliyepungukiwa kitu. Sawa, kwa mdomo sikukuambia. Miezi mitatu tulikabidhiana zamu kwa kitabu, wanafunzi wamesimama katikati hawajui wamuulize nani. Na aliyekuwa akikaa nami kwenye kompyuta, akanionyesha pale pale mara ya tano bila kuguna, ni wewe. Hilo nalo sikulisema. Ninyi vijana mjue kwamba mtu mzima hasahihishwi mbele ya... Hapana. Nimeanza tena.

Mwakani natimiza 60, nastaafu. Fetoskopu iko kabatini, droo ya chini, nimekataza isiguswe. Ukipita huku na kunikosa, sista wa zamu ya mchana nimemwambia akupe. Ni ile yenye ufa mdomoni, niliyoizungushia plasta. Unaijua.