Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, tupimie presha ghalani

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Tandahimba. Ni mkulima wa korosho na karani wa mizani katika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kijijini kwetu. Udaktari sijausomea. Nina mizani tu, na kila msimu napima magunia ya wanaume ambao wao wenyewe hawajawahi kupimwa presha.

Msimu uliopita mjomba wangu aliamka alfajiri kutawadha, kopo likamponyoka. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono wa kulia umelegea, maneno yanatoka kama ya mlevi. Ulikuwa wakati wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwa hiyo aliyemwona kwanza akadhani ni uraka, pombe yake. Wa pili akasema amepigwa na upepo. Kumbe kilikuwa kiharusi. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa ukoo, na asubuhi hiyo msemaji hakuweza kusema. Wazee wakaamua apelekwe kwa fundi, mganga wa kienyeji, akakaa huko siku mbili. Alipofikishwa hospitali, mashine ilisoma 210 kwa 120. Leo anatembea kwa fimbo na ule mkono hauokoti hata bibo.

Fundi simlaumu sana. Kinachoniuma ni kwamba mwaka mmoja kabla mjomba alishapimwa na kupewa vidonge. Vilipoisha alivifuata zahanati, akaambiwa dawa hazipo, apite wiki ijayo. Hakupita. Hakuwa anaumwa popote, akafuate nini? Presha haina kelele. Inaweza kukaa na mtu miaka bila kumuuma, huku inachosha mishipa, mpaka siku mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka.

Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja. Wewe unaijua barabara yetu ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilometa 210. Kipande cha kwanza mpaka Mnivata, kilometa 50, ndicho kilichotangulia kupata lami. Sisi wa mbele yake, mgonjwa aliyeanguka usiku wa mvua, hizo saa zinaishia kwenye kutafuta gari. Bado akimbizwe, kwa sababu hospitali inamsaidia hata akichelewa. Asipewe chakula wala maji njiani, maana koo huwa limelegea na anaweza kupaliwa. Ila kwa umbali huu, kinga ndiyo tunayoimudu.

Ombi langu ni hili. Wanaume wa huku hawaendi zahanati, lakini ghalani wanakuja wote: mara moja kuchukua salfa, dawa ya mikorosho, na tena kuanzia Oktoba kupima korosho. Mtuletee mashine ya presha na mhudumu wa afya siku hizo. Mtu akae kitini dakika tano kwanza, na anayezidi 140 kwa 90 arudiwe siku nyingine, maana bei ya mnada ikishuka hakuna ambaye presha yake haitapanda! Majina ya waliokutwa nayo yaende zahanati, na zahanati iwe na dawa za kuwatosha. Bila hilo la mwisho msije kabisa. Kumwambia mtu anaumwa halafu umnyime kidonge ndiko kulikomponza mjomba.

Fedha? Tafadhali msituletee makato mapya kwenye bei ya korosho. Tukiongezewa hata shilingi moja kwa kilo, mkutano mkuu hautakalika. Itafutwe ndani ya makato yaliyopo.

Mhudumu huyo azungumze na watu habari ya chumvi pia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, hesabu pamoja na iliyomo kwenye ng'onda, samaki wetu wa chumvi waliokaushwa. Ng'onda sitaacha, nasema ukweli, ila sasa nyumbani inalowekwa na maji yanamwagwa kabla ya kupikwa. Sigara na nipa, ile pombe kali, navyo avitaje, hata kama watamcheka.

Meza tunayo, kiti kipo, na kivuli cha mwembe kipo. Mjomba ameomba akae karibu na hiyo meza siku ya kwanza, wenzake wauone mkono.

Wako,
Karani wa mizani, Tandahimba