Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: jua halifanyi kazi ya figo

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima zote naandika hadharani, kwa kuwa barua nilizozipitisha ofisini kwako kwa utaratibu hazijajibiwa. Wiki iliyopita, kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu, niliambiwa tena kwamba alfakalsidoli, vitamini D maalumu ya binti yangu, haipo, nikashauriwa kwa upole kabisa niwe namwanika juani kila asubuhi.

Binti huyo ana miaka 9 na anavaa sare za mdogo wake wa miaka 6. Figo zake ni dhaifu tangu utotoni, na sasa akitembea magoti yanagongana. Jua tunalo, Daktari. Hilo halijawahi kuisha bohari. Lakini unajua kuliko mimi kwamba vitamini D itokayo juani hupitia kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo iusaidie mwili kufyonza kalsiamu ya chakula. Figo zikishindwa, hatua hiyo ya mwisho hukwama, fosfeti, madini ambayo figo zilipaswa kuyatoa, hujaa katika damu, na tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni inayoichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ya mtoto anayepaswa kukua. Alfakalsidoli anayoandikiwa imekwisha kuvushwa hatua ya figo kiwandani, na kwa sababu hiyo jua haliwezi kuwa badala yake, wala vidonge vya kawaida vya vitamini.

Nahisi, na nisahihishwe nikikosea, kwamba anayeandaa maombi ya dawa huona neno vitamini akaiweka mwisho wa orodha, karibu na dawa za kuongeza hamu ya kula. Au pengine ni kwa kuwa mtoto asiyerefuka hashtui mtu. Wengi hudhani amerithi ufupi wa babu yake.

Siku ya Figo Duniani, mwezi Machi, ulituahidi wazazi kwamba dawa za watoto hawa hazitakosekana. Tulipiga makofi, picha zikapigwa, na fulana tulizogawiwa bado tunazo.

Gegedu za ncha za mifupa, ambazo ndizo huirefusha, hufunga baada ya balehe, na zikishafunga hakuna dawa itakayomrudishia urefu alioupoteza. Siombi jengo wala mashine. Naomba alfakalsidoli iwepo dirishani mwezi huu, na mwezi ujao pia iwepo.

Wako katika kusubiri,
Mzazi