Si uvivu wa wasichana, ni mikasi mnayowapa

Bwana Mhariri,

Jambo sana. Juma lililopita mlichapisha maneno ya mkubwa mmoja aliyelalamika kwamba wasichana wa hapa Lubumbashi wanapewa cherehani, futi ya kupimia na mkasi, kisha baada ya miezi michache wanaacha kushona na kwenda kuuza mikate barabarani. Akasema ni uvivu. Mimi ni mama mshonaji wa komini ya Kenya, moja ya wilaya za mji huu wa Lubumbashi (si nchi ya Kenya), nafundisha watoto hao hao, na namwomba huyo baba siku moja atazame vidole gumba vyao kabla ya kuwahukumu.

Mikasi inayotiwa katika zawadi hizo ni ya karatasi. Matundu mawili sawa, madogo, ya plastiki nyembamba yenye kingo. Kwa kukata patroni, ile michoro ya nguo ya karatasi, haina neno. Lakini kazi inayolipa mjini kwetu ni salopeti, yaani ovaroli, za watu wa migodini, kitambaa kinene kama ngozi, na kabla ya mwezi wa tisa ni yunifomu za shule, ambapo tunakata tabaka kadhaa pamoja. Mtoto anabinya tangu asubuhi, ukingo wa tundu unakandamiza mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa kidole gumba, na jioni kidole kimekufa ganzi. Kesho yake hawezi kushika sindano. Huyo ndiye mvivu wenu.

Mkasi wa fundi umeumbwa vingine. Tundu moja ni dogo, la kidole gumba. La pili ni refu, linaingiza vidole vitatu au vinne ili nguvu igawanyike. Kipini kimepindwa kwenda juu, kwa hiyo bapa la chini linalala mezani na kuteleza chini ya kitambaa bila kukiinua, na kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka. Wanaobuni zana wana kanuni yao: afadhali kupinda kipini kuliko kupinda mkono. Ni mzito, ndiyo, na wanunuzi wanauogopa kwa sababu hiyo, kumbe uzito unabebwa na meza. Mradi meza iwepo, na ifike kiunoni. Anayekatia sakafuni, hata umpe mkasi wa dhahabu, mgongo utamdai.

(Mume wangu, fundi wa mabati, anataka niongeze koleo. Haya: wataalamu wanashauri mikono ya koleo isipanuke zaidi ya sentimita 9 hivi ikifunguliwa, wala isikaribiane chini ya sentimita 5 ikifungwa, maana nje ya hapo vidole vinapoteza nguvu. Ya kwake inapanuka kama mdomo wa mamba.)

Sokoni wauzaji watakuonyesha mikasi ya rangi ya chungwa, wakuambie ndiyo ya kisasa. Rangi hiyo ina asili yake. Mwaka 1967 kampuni ya Fiskars ya Ufini ilitoa mkasi wenye kipini cha plastiki ya chungwa, kazi ya mbunifu Olof Bäckström, kipini kilichofuata umbo la mkono. Mingi ninayoishika mimi imeiga rangi tu.

Na hata kipini kilichochongwa vizuri, kikichongwa kwa ajili ya mkono wa kulia, kinamuumiza mashoto zaidi ya kile cha kawaida. Hapa ndipo ninapokasirika. Mkono wa kulia unapofunga mkasi, kidole gumba kinasukuma huku na vidole vingine vinavuta kule, mwenyewe hujui, na msukumo huo ndio unaobana mabapa yagusane. Uhamishie mkono wa kushoto: msukumo unageuka, mabapa yanaachana, kitambaa kinajikunja katikati. Tena bapa la juu linamfunika asione mstari wa chaki. Kuandika kwenye pakiti kwamba kipini ni cha mikono yote hakusaidii kitu. Mabapa yenyewe lazima yageuzwe, la juu liwe upande wa kushoto. Karibu mtu mmoja katika kumi ni mashoto. Wanafunzi wangu mashoto walishapigwa nyumbani kwao waache mkono huo, na sasa wanaambiwa hawajui kukata.

Neno moja kuhusu kunoa, kwa sababu mkasi butu unakula mkono kuliko kitu kingine. Msiwape mikasi wanoaji wa visu. Mabapa ya mkasi yamepinda kidogo kwa ndani, ndiyo maana ukiufunga polepole yanagusana katika nukta moja tu inayotembea hadi nchani. Mnoaji akisugua upande wa ndani ukawa tambarare, nukta imekwenda na mkasi umekwisha. Anoe ukingo wa nje peke yake. Na nunueni wenye parafujo, usiopigwa riveti, ili ukilegea ukazwe.

Kwa hiyo ninyi mnaonunua vifaa hivyo: kabla ya siku ya hotuba na picha, leteni mkasi mmoja katika atelie yoyote ya Kenya au Katuba, mmpe mshonaji akate salopeti mbele yenu. Na msomaji anayejua duka la hapa Lubumbashi, au hata Likasi, linalouza mkasi wa fundi kwa ajili ya mashoto, namwomba aandike katika ukurasa huu, na bei aitaje. Nina wanafunzi wanaosubiri.

Mama mshonaji,
Komini ya Kenya, Lubumbashi