Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi: umri wa miaka 14 umeachwa nyuma na shule

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu namba moja na neno moja. Namba ni 14, umri ambao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinamruhusu mtoto wa Tanzania Bara kuanza kazi. Neno ni "kuajiri". Namba imepitwa na wakati. Neno lilikuwa na tundu tangu siku ya kwanza.

Tuanze na namba. Tanzania iliridhia Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwezi Desemba 1998 ikatamka kwamba umri wake wa chini wa kuanza kazi ni miaka 14. Mkataba wenyewe unataka 15. Ile 14 ni nafuu waliyopewa nchi ambazo uchumi na elimu yake havijajitosheleza, na waliochukua nafuu hiyo wanatakiwa, kila wanapopeleka ripoti ILO mjini Geneva, ama waeleze kwamba sababu bado ipo, ama watamke kuwa wanaiacha kuanzia tarehe fulani. Tena kifungu cha 2 kinasema umri huo usiwe chini ya ule ambao mtoto anamaliza elimu ya lazima.

Kwa mfumo wa zamani hesabu ilikaa sawa. Mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka 7, anasoma miaka 7, anamaliza na 14. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ngazi ya chini, na mtoto anaanza akiwa na miaka 6. Sita na kumi ni kumi na sita. Walioingia darasa la tatu na mtaala mpya mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho. Aliyeanza akiwa na miaka 6 akifikisha 14 atakuwa kidato cha tatu. Serikali hiyohiyo inamwambia mzazi kwamba mwanawe lazima awe darasani, na inamwambia mwajiri kwamba mtoto huyo anaajirika.

Majirani hawakusubiri. Kenya ilitaja 16 iliporidhia mkataba huu mwaka 1979, Burundi nayo ilitaja 16, na sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 imeweka 16.

Mheshimiwa, wapo watakaokwambia kwamba 14 haina madhara kwa sababu sheria inaruhusu "kazi nyepesi" tu, ile isiyodhuru afya wala kuzuia masomo. Tunakuomba uangalie kazi za nyumbani, maana huko ndiko maneno hayo yanakoonekana udhaifu wake. Binti anamaliza shule ya msingi mkoani, mtu anapigiwa simu, nauli inatumwa, na baada ya siku mbili ni dada wa kazi jijini. Anaamka saa 11 alfajiri kuchemsha maji, kupiga pasi sare na kufunga vyakula vya watoto wa nyumba hiyo, ambao pengine analingana nao umri. Analala wa mwisho, baada ya vyombo vya usiku. Ukiuliza, utaambiwa kazi yake ni nyepesi, kufagia na kupika, kama vile angefanya kwao. Lakini Sheria ya Mtoto inakataza kazi ya usiku kwa mtoto, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Binti huyu anavunjiwa sheria kabla jogoo hajawika na tena baada ya taarifa ya habari, kila siku, na hakuna anayehesabu. Na shule ambayo kazi "haiizuii" ipo wapi, ikiwa analala kwa mwajiri mamia ya kilomita kutoka kwao?

Kinachoharibu hapa ni kukosekana kwa kipimo kinachojulikana na watu. Kifungu cha 7 cha Mkataba 138 kinaitaka mamlaka ya nchi itaje shughuli zinazokubalika kuwa nyepesi, iweke idadi ya saa na masharti yake. ILO yenyewe, inapokusanya takwimu, huacha kuiita kazi ya mtoto wa miaka 12 hadi 14 nyepesi ikifika saa 14 kwa wiki. Hizo ni saa mbili kwa siku. Kazi ya kulala ndani kwa mwajiri haiwezi kuingia katika saa mbili hata ikibanwa vipi, kwa hiyo itajwe kwa jina kwamba si kazi nyepesi. Balozi wa mtaa, mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii wanaweza kuusimamia mpaka wa namna hiyo bila kuwa wanasheria: anaishi kwa mwajiri, hajafikisha umri, basi.

Sasa neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamkataza mtu "kumwajiri" mtoto. Mkataba unakataza mtoto kuingizwa katika "ajira au kazi", na tofauti ya maneno hayo mawili inaonekana vizuri kabisa kwenye mwalo wa dhahabu, mahali mchanga wenye dhahabu unapooshwa. Mgodini sheria inataka miaka 18, haina utata. Lakini mtoto anayepepeta marudio, yaani mabaki ya mchanga, kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe, hana mwajiri. Kaja na mama yake, au kaja mwenyewe, na analipwa na atakayenunua kipande chake jioni. Gari la ukaguzi likionekana watoto wanatawanyika. Wakikamatwa wawili watatu, mwenye leseni anasema hawafahamu, mwenye mwalo anasema walikuja kuokota, na kesi inaishia hapo. Faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha mwaka mmoja haimgusi mtu ambaye hakuajiri.

Wakati huohuo mtoto ameshika zebaki kwa vidole. Anaichanganya na mchanga ndani ya beseni, anaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kijidonge cha kijivu ambacho karibu nusu yake bado ni zebaki. Kijidonge hicho kinachomwa kwenye bati au kijiko, mara nyingi jikoni, na nusu ile inageuka mvuke usioonekana ambao aliye karibu anauvuta hadi kwenye mapafu, kisha unafika kwenye ubongo na figo. Kwa mtoto ubongo bado unajengeka, na madhara yake ni mikono kutetemeka na akili kuwa nzito, mambo ambayo mwalimu atayaita uvivu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Tanzania imeuridhia, unataka nchi zifute uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi, na ziwe na mkakati wa kuwaepusha watoto na zebaki. Lakini mkakati wa zebaki unakaa ofisi moja, wa watoto ofisi nyingine, leseni ofisi ya tatu.

Tunachoomba kinaanzia mezani kwako, na cha kwanza hakihitaji hata Bunge. Toa kanuni zinazotaja saa za kazi nyepesi na kuitoa humo kazi ya kulala kwa mwajiri. Pamoja na hizo, lazimisha daftari. Kifungu cha 9 cha Mkataba 138 kinataka mwajiri awe na orodha yenye majina na umri au tarehe za kuzaliwa za wafanyakazi wote walio chini ya miaka 18. Kwetu wengi wa rika hilo hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kanuni ikubali rejista ya shule au kadi ya kliniki. Sheria tayari inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba aliuchunguza umri, ila bila daftari mzigo huo unabaki kwenye karatasi. Afisa madini anayefika kukagua leseni akague na daftari, kwa sababu yeye hufika mahali ambapo afisa kazi hafiki.

Kisha marekebisho. Yapitie Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, ambako waajiri na vyama vya wafanyakazi wanakaa pamoja na serikali, halafu yaende bungeni yakiwa muswada mmoja unaogusa sheria zote mbili. Ukirekebisha moja na kuiacha nyingine, wakili wa mwajiri atasimama kwenye ile iliyoachwa. Andika 16 mahali pa 14, na "kumwajiri au kumruhusu kufanya kazi" mahali pa "kumwajiri", ili mwenye leseni na mwenye mwalo wawajibike kwa kila mtoto aliyekutwa ndani ya eneo lao.

Hofu kwamba 16 itaua mafunzo ya ufundi haina msingi. Kifungu cha 6 cha mkataba kinaacha nje kazi inayofanywa shuleni kama sehemu ya elimu ya ufundi, na kinaruhusu mafunzo kazini kuanzia miaka 14 yakiwa sehemu ya kozi iliyoidhinishwa. Mkondo wa amali, yaani wa ufundi shuleni, uko salama.

Hofu ya umaskini ni ya kweli na tunaiheshimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto takribani milioni 4.2 katika utumikishwaji, na wengi wao wako mashambani. Kwa sababu hiyo muswada uwe na kipindi cha mpito kwa walio na miaka 14 na 15 ambao tayari wako kazini: walipwe mshahara wao wote, mwajiri agharimie nauli ya kurudi, na nafasi ya shule au ya ufundi iwe imepatikana kabla hawajatoka. Binti akifukuzwa ghafla usiku kwa kuogopa faini, ataishia kuhudumu baa, na hapo tutakuwa tumemsukuma kutoka jikoni hadi kwenye kazi ambayo Sheria ya Mtoto inaitaja kuwa ya hatari.

Mwisho ni barua fupi kwa Mkurugenzi Mkuu wa ILO. Kifungu cha 2 cha Mkataba 138 kinairuhusu nchi iliyokwisha kuridhia kutamka umri wa juu zaidi wakati wowote. Tunaomba tamko hilo liwe limefika Geneva kabla ya Januari 2028, wanafunzi wa darasa la sita na la saba watakapoingia kidato cha kwanza pamoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wafuatiliaji wa sheria za kazi na haki za mtoto