Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: misafara yetu ya baiskeli ya usiku

Ndugu wanachama,

Tumemaliza mwaka bila mtu kulazwa hospitali. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo ninaloulizwa sana, hasa na wake na waume zenu.

Kilichotuumiza vichwa zaidi ni taa za makutano. Mnaikumbuka Ijumaa ile: kiongozi alikwisha kuvuka, taa ikageuka nyekundu, na nusu ya msafara ikajitosa ili isiachwe nyuma. Dereva mmoja alifunga breki hadi matairi yakalia. Baada ya pale wapo waliotaka tuige misafara iliyoanzia San Francisco mwaka 1992, ambako waendesha baiskeli wachache huziba njia mbele ya magari mpaka wa mwisho apite. Nililipinga pendekezo hilo na bado nalipinga. Gari la kilomita 50 kwa saa hula mita 14 hivi kila sekunde, na usiku dereva huchelewa kukuona. Kumsimamisha mwenzetu katikati ya makutano gizani ni kumtoa kafara, tena hatuna mamlaka ya kumzuia mtu barabarani.

Kwa hiyo kamati imeamua kwamba nyekundu ni nyekundu. Waliotangulia watasubiri ng'ambo, kando ya barabara. Tukiwa wengi tutagawanyika vikosi, kila kimoja na kiongozi wake na mfunga mkia, yaani anayekuja nyuma ya wote, mwenye pampu, tyubu na viraka.

La pili ni mwanga. Wengi mmenunua vizibao vya manjano mkaridhika. Rangi ile hung'aa mchana kwa nguvu ya miale ya jua. Usiku haina ajabu. Kinachosaidia ni utepe wa kuakisi mwanga, na pa kuufunga ni kwenye vifundo vya miguu na magoti. Utepe ukipanda na kushuka pamoja na mguu, dereva anatambua mara moja kuwa huyo ni mtu anapiga pedali, si kibao cha barabarani. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma hazina mjadala. Ila ndani ya msafara taa ya nyuma isiwake na kuzima, maana inamtesa anayekufuata (mimi mwenyewe nilikuwa mkosaji mpaka nikaambiwa peupe). Ya namna hiyo abaki nayo mfunga mkia.

Wakazi walilalamikia spika yetu, na walikuwa na haki, watu wamelala. Muziki sasa unazimwa saa nne usiku. Kengele zinatosha.

Hesabu atazisoma mweka hazina.

Limebaki suala la wafunga mkia. Kazi yenyewe haina sifa: unakwenda mwendo wa aliyechoka kuliko wote, unaona migongo tu, na pancha zote ni zako. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu tangu mwezi uliopita. Hadi naandika haya ina jina moja, nalo ni langu.

Mwenyekiti